Nani Kawauza Wanawake wa Ijumaa?

Haya, simu zenu nimezipata. Kuna aliyelalamika kwamba nimemkatia patamu, na kuna aliyeapa kuwa wiki hii asipomjua mwizi gazeti hili atalifungia sabuni. Na nyinyi mliokwisha kumhukumu mume wa Fundi, mwacheni mume wa watu. Yuko safarini tangu mwezi uliopita, na hata neno la siri la simu yake mwenyewe hulisahau.

Twende kazini. Tulimwacha Fundi amesimama katikati ya chumba cha kushonea, mkononi ana simu ya marehemu mama yake. Alikuwa ameiwasha atafute picha ya zamani ya kuweka kwenye barua yake ya kesho. Simu ikalia mlio wa kuku, ule mama aliouchagua kwa mzaha na akakataa kuubadilisha. Ilikuwa barua pepe. Juu ilikuwa na utepe mpana wa manjano, na ilitoka kwa Bi Vioo, mwenye lile duka kubwa la nguo lenye vioo hadi darini.

"Habari yako, Mama Kaa Kitako!" barua ilisema. "Tunajua unapenda nguo zilizoshonwa vizuri. Njoo kwetu ujionee."

Fundi aliisoma, akairudia tangu mwanzo.

Kwa uliyechelewa kujiunga nasi, sikiliza upesi. Fundi hushona nguo za wajawazito na wanaonyonyesha, na kila Ijumaa asubuhi huwaandikia wateja wake barua pepe. Wateja hao hakuwaokota njiani. Kila mwanamke alileta anwani yake kwa hiari, akapewa zawadi ya kiolezo cha gauni la kunyonyeshea, kile cha karatasi unachokifuata kwa mkasi. Kisha akaandikiwa kuulizwa kama kweli ni yeye aliyejiandikisha, na akijibu ndiyo ndipo anapoingizwa. Barua tatu huwa za kufundisha, ya nne ndiyo ya kuuza, na chini ya kila moja pana ahadi: anwani yako haitoki humu ndani.

Tena kila mmoja Fundi alimpa jina la utani. Kuna Bibi Vifungo, kuna Mama Usingizi Uko Wapi, kuna Shangazi Nipimie Tena. Aliyachapa mwenyewe, na mashine ikawa inayaweka juu ya barua. Wanawake wakacheka, wakazoea, wakawa wanafungua barua kabla hata ya kunywa chai.

Mama Kaa Kitako alikuwa wa kwanza kuandikishwa, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna mteja aliyeingia kwake akaachwa asimame. Mama alipofariki, anwani yake ilibaki. Kila Ijumaa barua ilimwendea, na Fundi hakuwa na moyo wa kuifuta.

Sasa niambieni nyinyi mnaojua kila kitu: Bi Vioo alimjulia wapi Mama Kaa Kitako?

"Dada," Fundi aliita. "Tumeibiwa."

Dada yake mkubwa alikuwa kwenye meza ya kukatia, chaki mkononi. Ndiye mkataji wa nguo zote zinazotoka humo, na chumba chenyewe waliachiwa na mama, mkataba wa pango ukiwa na jina la Dada kwa kuwa ndiye mkubwa. Kucha zake zilikuwa bado na rangi ya manjano, maana Jumanne aliupaka mlango rangi mpya bila kuombwa na mtu. Fundi alimsifu sana siku hiyo.

"Tumeibiwa nini?" Dada aliangaza huku na huku. "Mbona cherehani zote naziona?"

"Wameiba wanawake."

"Wanawake gani?"

"Wa Ijumaa. Wote. Soma."

Dada aliisoma barua ile kwenye simu ya mama. Alirudisha simu bila kumtazama mdogo wake usoni.

"Anayeshinda kwenye hiyo kompyuta ni nani?" aliuliza. "Mimi nakata vitambaa. Wewe unashona. Wifi yako ndiye anayetuma barua. Mimi sisemi kitu."

Mtu akikwambia hasemi kitu, ujue amekwisha kusema.

Kabla Fundi hajajibu, kompyuta ndogo pale pembeni ya pasi ikaanza kuonyesha majibu, moja juu ya jingine. Bibi Vifungo aliandika, "Fundi, mbona umetutoa?" Shangazi Nipimie Tena aliandika, "Ahadi yako ilikuwa ya mdomoni?" Mama Usingizi Uko Wapi hakuandika kitu. Alijitoa tu, kimya kimya, na kimya chake kikamuuma Fundi kuliko maneno ya wote.

Katikati ya hayo ikaingia barua ya kampuni inayomtumia barua zake. Hiyo haikuwa na utani.

"Wapokeaji wako wengi wameanza kuziripoti barua zako kuwa ni taka. Tueleze leo, kabla ya saa kumi na mbili jioni, jinsi anwani zao zilivyomfikia mtu mwingine. Usipoeleza, hutaweza tena kuwaandikia."

Mnaelewa maana yake? Duka la Bi Vioo lina vioo barabarani, mpita njia anaona anaingia. Fundi yuko chumba cha nyuma, mtaa usio na kibao. Mlango wake ulikuwa ile barua ya Ijumaa. Ikifungwa, wanawake alioishi nao miaka yote ile watamkumbuka kama mtu aliyewauza, na hatakuwa na njia ya kuwaambia vinginevyo.

Simu ikalia. Safari hii ilikuwa yake.

"Fundi?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito ya kulia.

"Naam, mpenzi. Nani mwenzangu?"

"Kwako nilikuwa Mama Kijacho."

Fundi alikaa. Alimkumbuka vizuri sana. Mwanamke huyu alijiandikisha akiwa na ujauzito, akaandika na mwezi anaotarajia kujifungua, ili apate barua zinazokwenda na hatua zake. Halafu siku moja ikaja barua fupi kutoka kwake: mimba imetoka, naomba usiniandikie tena habari za mtoto. Fundi alilia juu ya kitambaa cha mtu. Jina lilibadilishwa siku ile ile, akawa Dada wa Moyo, na barua za watoto hazikumfikia tena.

"Leo nimeandikiwa," mwanamke alisema. "Hongera Mama Kijacho. Mwanao sasa anakaribia kutambaa, njoo uchukue gauni la kukupa nafasi ya kumkimbilia. Ndivyo walivyoandika, Fundi. Kumkimbilia."

"Si mimi. Nakuapia, si mimi."

"Nilikwambia wewe peke yako. Hata mama mkwe wangu wiki ile nilikuwa sijamwambia. Nani mwingine analijua jina hilo?"

Fundi alianza kuapa upya.

"Nitoe," mwanamke alisema. "Nitoe kabisa. Nisiwe Mama wala Dada wa mtu."

Simu ikakatwa. Fundi aliendelea kuishikilia sikioni kama mtu anayesubiri kusamehewa. Dada, pale mezani, alikuwa amesikia kila neno, kwa maana simu ya Fundi hupiga kelele utadhani redio.

Ni wakati huo huo mlango ukasukumwa, akaingia Wifi, mdogo wa mume wa Fundi, kakumbatia furushi la lebo mpya na tabasamu lake la kila siku.

"Wifi, zimetoka nzuri! Njoo uone..."

"Weka chini."

"Eh? Kuna nini?"

"Nimesema weka chini. Bi Vioo anakupa nini?"

Wifi alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipouona uso wa Fundi, kicheko kikamfia.

"Bi Vioo? Mimi hata dukani kwake sijawahi kuingia."

"Nilikuchukua huna kazi. Nilikukalisha kwenye kompyuta yangu, nikakupa neno langu la siri, nikawaambia watu huyu si wifi, huyu ni mdogo wangu. Na wewe ukanizunguka!"

"Nimekuzunguka vipi?"

Fundi akamrushia simu ya mama kifuani. Na maneno aliyoendelea kumpa hapo siyaandiki, kwa sababu gazeti hili linasomwa na watoto. Yatosha kusema alimtaja na mama aliyemzaa, naye ni mkwe wake mwenyewe. Majirani wa chumba cha pili walizima mashine yao wapate kusikia vizuri.

Wifi aliidaka simu juu ya furushi. Alisoma ile barua taratibu. Kisha akauliza swali moja.

"Wamemwandikia na nani mwingine?"

"Wamewaandikia wote! Wamemwandikia Mama Kijacho, wamempa hongera ya mtoto!"

"Wamemwita hivyo? Mama Kijacho?"

"Ndivyo ulivyowapa!"

"Wifi." Sauti ya Wifi ilikuwa inatetemeka, lakini hakupiga kelele. "Siku ya kwanza niliyoingia humu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa ipi?"

Fundi aliitazama kompyuta.

"Uliniandikia neno la siri kwenye kiganja, kwa kalamu. Ukaniambia, kabla ya yote, kabla hujavua hata viatu, kuna mwanamke amepoteza mtoto, mbadilishe jina na umtoe kwenye barua za watoto. Nikambadilisha. Ukasimama nyuma yangu ukihakikisha. Tangu siku hiyo, kwenye kompyuta hii hakuna Mama Kijacho. Ningekuwa nimewapa mimi, wangemwita Dada wa Moyo."



Hapo ndipo mwizi alipokosea, wasomaji wangu, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu anayeishi na hiyo orodha kila siku. Orodha ya watu hubadilika. Huyu kazaa, yule kahama, mwingine kafiwa. Ukiichukua leo ukaificha kabatini, kesho inaanza kuchacha. Wifi kazi yake ilikuwa kuisafisha kila wiki. Aliyemuuzia Bi Vioo aliuza kiporo, na kiporo hicho kilipikwa kabla Wifi hajaingia jikoni.

"Wifi yangu..." Fundi alianza.

"Hapana." Wifi aliweka furushi la lebo chini ya cherehani, polepole, kama alivyoagizwa. "Mimi nimeshatukanwa, na mama yangu ametukanwa. Sasa mtafute mwizi wako."

Akatoka. Hakuubamiza mlango. Aliufunga taratibu, na hilo Fundi hakulitegemea.

Sasa walibaki wawili chumbani. Dada alikuwa ameinamia kitambaa, anachora mstari wa mkono wa gauni. Mkono ule wa Dada haujawahi kupinda mstari tangu utotoni. Leo chaki ilikwenda, ikayumba, ikatoka nje ya kitambaa na kuandika juu ya meza.

Fundi aliutazama mstari ule. Moyo wake ulishajua, ila mdomo ulikuwa unakataa.

"Dada, kabla Wifi hajaja, neno la siri tulikuwa nalo wangapi?"

"Sikumbuki."

"Tulikuwa wawili. Mimi na wewe."

"Basi jiulize na wewe."

"Nimeshajiuliza. Nimebaki na wewe."

Dada aliweka chaki chini. Akafuta vumbi la chaki kwenye vidole, kimoja kimoja, kama mtu mwenye siku nzima. Alipoinua macho yalikuwa makavu, na yalikuwa na hasira ya muda mrefu.

"Kiolezo kile ni cha nani?"

"Kiolezo gani?"

"Usinifanye mtoto. Cha zawadi. Hicho unachowavutia nacho wanawake wako. Nani alikikata?"

Fundi aliangalia sakafu.

"Nilikikata mimi," Dada alisema. "Hapa sakafuni, mama akiwa ameshika karatasi upande wa pili. Mwaka jana ukawaandikia barua ndefu, hadithi ya kiolezo kilivyozaliwa. Niliisoma yote, mdogo wangu. Niliisoma mara mbili nikijitafuta. Simo! Umeandika, nilikaa, nikafikiri, nikakibuni. Wewe! Wewe uliyekuwa huwezi kukata hata mfuko wa mto!"

"Ungeniambia..."

"Na wewe ungejua! Kila Ijumaa unanisomea majibu yao kwa sauti. Fundi una mikono ya baraka. Fundi, Mungu akutunzie mikono yako. Mikono ya nani? Siku ile ile niliinakili orodha. Nikakaa nayo karibu mwaka mzima, nasubiri useme neno moja tu. Dada, asante."

"Na hilo neno ndilo ukaenda kulitafuta kwa Bi Vioo?"

"Bi Vioo alinikuta dukani kwake nikitazama mishono. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamweleza. Akasema nitakuwa na chumba changu, na jina langu juu ya mlango. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Hata mama."

Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa mafundi cherehani, lakini walijua. Fundi alilala kitanda kimoja na huyu mtu utoto wao wote. Ndiye aliyemsuka siku ya harusi, ndiye aliyemshika kiuno siku ya mazishi ya mama. Angekuwa jirani, angepiga kelele. Angekuwa mume, angerudi kwao. Lakini dada akikuuza, unakwenda kumshtakia nani? Mtu wa kumshtakia ni huyo huyo dada.

"Yule mwanamke amelia, Dada. Umemsikia."

"Nimesikia." Kwa mara ya kwanza sauti ya Dada ikapasuka. "Hilo sikulijua."

"Ungelijua ungefanyaje? Ungemtoa mmoja, ukauza waliobaki?"

"Usiseme nimeuza!"

"Na wifi yangu ulimsikiliza akitukanwa, umekaa na chaki yako. Wewe ndiye uliyenielekeza kwake."

"Mimi nilielekeza. Matusi yalikuwa yako."

Hilo lilikuwa kweli, na Fundi alilijua. Alikwenda kwenye kompyuta, akavuta kiti. Jua lilikuwa limeshahama kutoka meza ya kukatia hadi ukutani, na saa ya kampuni ilikuwa inakaribia.

"Unaandika nini?" Dada aliuliza.

"Barua."

"Leo si Ijumaa."

"Najua."

Dada alikuja akasimama nyuma yake, pale pale alipokuwa akisimama zamani akimfundisha kutia uzi kwenye sindano.

"Andika wezi wa mitandaoni," alinong'ona. "Kila siku watu wanaibiwa, wataelewa. Kampuni nayo itaelewa. Wewe utabaki na wanawake wako, na mimi nitabaki na uso wangu."

"Na Bi Vioo ataendelea kuwaandikia?"

"Basi andika ni mfanyakazi. Yule ameshaondoka. Ana nini cha kupoteza?"

Fundi aligeuka akamtazama. Tangu asubuhi alikuwa ameumia, lakini sasa ndipo aliposhtuka. Mtu anaweza kukuibia kwa kinyongo cha mwaka mzima, ukatafuta namna ya kumwelewa. Lakini huyu alikuwa tayari kumzika asiye na kosa, tena kwa sauti ya upole.

"Ana jina lake," Fundi alijibu. "Ndilo atakalolipoteza."

Akaandika. Hakuweka picha wala mapambo. Nawapa ilivyokuwa:

"Wapenzi wa Ijumaa. Leo si siku yetu, na leo siuzi kitu. Niliwaahidi anwani zenu hazitatoka humu ndani. Zimetoka. Hakuvunja mlango mtu wa mbali. Zimetolewa na dada yangu wa damu, na neno la siri alilipata kwangu. Wifi yangu, anayewaandikia pamoja nami, hana kosa, na leo nimemkosea mimi. Jambo jingine: kiolezo cha zawadi alikikata dada yangu, si mimi, na hadithi niliyowaandikia mwaka jana ilikuwa yake. Anayetaka kutoka, pa kutokea nimepaweka hapa juu, si kule chini kwa herufi ndogo. Anayebaki, nitamwandikia Ijumaa."

Nakala akaielekeza kwa kampuni. Kidole chake kikakaa juu ya kitufe.

"Unanivua nguo mbele ya watu," Dada alisema.

"Nimekurudishia kiolezo chako."

"Mbele ya watu hao hao! Unanipa kwa mkono mmoja, unaninyonga kwa mwingine! Sikiliza. Ukibonyeza hapo, usiniite dada tena. Hata siku ya kuzikwa kwangu usije."

Fundi alimgeukia. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta.

"Nilikuita dada leo asubuhi, Dada, nikakwambia tumeibiwa. Ulikuwa na nafasi ya kuniitikia."

Akabonyeza.

Hakikusikika kitu. Barua pepe haina kishindo, inakwenda tu. Wote wawili walibaki wakiitazama kompyuta kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa.

Halafu kuku akalia.

Ilikuwa simu ya mama, juu ya rundo la vitambaa pale Wifi alipoiacha. Dada ndiye aliyekuwa karibu. Akaichukua, akaifungua, na midomo yake ikaanza kucheza bila sauti. Habari yako, Mama Kaa Kitako. Fundi aliona macho yake yakishuka mstari kwa mstari, yakafika kwenye dada yangu wa damu, yakasimama.

Dada alikaa chini sakafuni, kitako, palepale alipokikatia kile kiolezo.

"Umemwambia mama," alisema.

"Nimewaambia wote."

"Umemwambia mama!"

Na hapo akalia, mtu mzima, kilio cha mtoto aliyeshtakiwa. Fundi alipiga hatua moja kumwendea. Hasira ilikuwa palepale, ila miguu haikuitii hasira. Alikuwa ameshanyoosha mkono.

Kuku akalia tena.

Simu ilikuwa bado mikononi mwa Dada, lakini Fundi ndiye aliyeuona kwanza ule utepe mpana wa manjano.

"Habari yako, Mama Kaa Kitako! Habari njema! Jumatatu tunafungua tawi letu la pili, la akina mama na watoto. Huu hapa mlango wetu mpya. Karibu!"

Chini yake palikuwa na picha. Mlango wa mbao, umepakwa rangi ya manjano, rangi bado inang'aa. Pembeni ya bawaba palikuwa na ufa mrefu, na chini kabisa alama ya teke. Teke lile Fundi analijua, alilipiga mwenyewe akiwa msichana, siku mama alipomkatalia kwenda matembezini.

Fundi aliinua macho taratibu kutoka kwenye simu. Mlango huo ulikuwa mbele yake, hatua chache kutoka alipokuwa amesimama, ufa ule ule, teke lile lile.

"Dada," alisema, na neno lilimtoka kabla hajakumbuka kwamba limekatazwa. "Mkataba wa chumba uko wapi?"

Dada hakumsikia. Alikuwa ameikuza ile picha kwa vidole viwili. Juu ya mlango wa pichani palikuwa na kibao cha kuchorwa tu, na kwenye kibao palikuwa na jina la Bi Vioo, kwa herufi kubwa. Dada alisogeza picha juu, akaisogeza pembeni, akashuka hadi kwenye maandishi madogo ya chini kabisa, akarudi tena juu.

"Simo," alisema.

Na kule nje, mtu akaingiza ufunguo kwenye kitasa.